Kigego Hana Hatia

Lugha huhifadhi mambo mengi ambayo wasemaji wake wangependa kuyasahau. Mojawapo katika Kiswahili ni neno kigego. Kwa umbo lake ni udogo wa gego, yaani jino la nyuma la kutafunia. Lakini maana yake iliyoenea ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Hiyo tu ndiyo sifa yake. Hakuiba, hakutukana, hata kutembea hajajua. Ametoa jino mahali ambapo wazee wake hawakulitarajia. Na kwa sababu hiyo, katika sehemu nyingi za nchi zetu, mtoto huyo alihesabiwa kuwa ana nuksi, na kwamba akiachwa akue, jamaa zake watakwisha mmoja mmoja. Akauawa, au akatupwa porini, au akatolewa kwa wageni. Neno jingine, timvi, lilimjumuisha pamoja na wenziwe waliozaliwa na alama nyinginezo zilizodhaniwa kuwa za kisirani.

Naandika habari hizi katika kitabu cha utamaduni wa taifa kwa makusudi. Wapo watu wasomi, na miongoni mwao wamo walimu, ambao kila mila inapohojiwa hukimbilia methali moja: mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ni ya haki ilipotumiwa dhidi ya kasumba ya kikoloni, iliyotufundisha kuonea haya ngoma zetu, majina yetu na lugha zetu. Lakini methali si ufunguo wa kila mlango. Leo inatumiwa kumlinda mtu anayeingiza kisu katika ufizi wa mtoto mchanga, na hapo ndipo sina budi kupinga.

Hebu kwanza tulitazame jino lenyewe, maana wengi wanaolihukumu hawalijui. Jino halianzi siku linapoonekana. Katika wiki ya 6 hivi ya mimba, utando wa ndani ya kinywa cha kiumbe hujikunja na kufanya utepe mwembamba ndani ya taya. Juu ya utepe huo huchipuka vichipukizi 20 vya meno ya utoto, na baadaye, nyuma yake na pembeni mwake, vile vya meno 32 ya utu uzima. Kila kichipukizi hufuata ratiba yake. Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya taya la chini hutokeza kwanza, mtoto afikishapo miezi 6 au zaidi kidogo, na ya juu hufuata mwezi mmoja au miwili baadaye. Tazama jinsi muda huo ulivyo mfupi! Chipukizi la chini likichelewa wiki chache, au la juu likiwahi wiki chache, mpangilio umegeuka, na mtoto amekuwa kigego. Mtoto anayechelewa kutambaa kwa wiki hizo hizo haambiwi kitu.

Wako pia wanaozaliwa na jino tayari. Hao hukadiriwa kuwa mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 3,000, na katika wingi wa watoto hao jino lenyewe ni lile lile la mbele la chini ambalo lingetoka baadaye. Limewahi tu kwa kuwa kichipukizi chake kilikaa karibu mno na uso wa ufizi. Mara chache huwa ni jino la ziada. Hatari zake zipo na hazina uchawi ndani yake: jino lililolegea sana laweza kung'oka na kuvutwa hadi kwenye njia ya pumzi, lenye makali laweza kuchuna chini ya ulimi wa mtoto au kumwumiza mama anyonyeshapo. Mganga wa meno akiona limeshika vizuri huliacha, au hulisugua makali yake. Akiona linaning'inia hulitoa, baada ya kuhakikisha kwamba damu ya mtoto imepata uwezo wa kuganda, jambo ambalo kwa mtoto wa siku chache tu haliaminiki bila ya kupewa vitamini K. Basi. Hakuna ukoo unaokwisha.

Meno ya ziada, kwa jumla, si ajabu kubwa. Huonekana kwa watu 1 hadi 3 katika kila 100, wanaume wakiwa karibu mara mbili ya wanawake, na lililo la kawaida zaidi ni kijino chenye ncha kama kigingi kinachojipenyeza katikati ya meno mawili ya mbele ya juu. Upungufu nao ni wa kawaida kuliko ziada. Takriban mtu 1 katika kila 5 hukosa walau gego moja la mwisho, na asijue. Tukiyaacha magego hayo, watu kama 6 katika kila 100 hukosa jino jingine la kudumu, aghalabu gego dogo la pili la taya la chini au jino la pembeni mwa yale mawili ya mbele ya juu. Mambo haya huandamana katika koo. Mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba hitilafu katika jeni iitwayo MSX1 yaweza kuwanyima meno watu wa ukoo mmoja, kizazi hadi kizazi, na mwaka 2000 jeni nyingine, PAX9, ikapatikana na kosa kama hilo. Babu zetu waliposema kwamba jambo hili lina uhusiano na ukoo, hawakukosea kabisa. Walikosea waliposema kwamba mtoto ndiye anayeuletea ukoo jambo. Ukweli ni kwamba ukoo ndio uliomletea mtoto.

Mara moja moja upungufu wa meno huwa ni dalili ya jambo zito zaidi, nalo walimu wanapaswa kulijua. Kuna watoto wanaozaliwa na maumbile yanayogusa ngozi, nywele na meno kwa pamoja: meno machache, tena yaliyochongoka, nywele nyepesi, na ngozi isiyotoa jasho. Mtoto wa namna hiyo akikimbizwa mchakamchaka saa sita za mchana, joto humpanda mwilini bila njia ya kutoka, naye aweza kuzirai au hata kufa. Huyo ndiye ambaye darasa zima humwita kizee au kibogoyo, na mwalimu wa zamu humwita mvivu.

Asije mtu akadhani kwamba ujinga huu ni wa Mwafrika peke yake, kama walivyopenda kuandika wageni waliotutembelea. Mwandishi wa Roma ya kale, Pliny, ametuachia habari za binti aitwaye Valeria aliyezaliwa na meno. Watabiri walisema kwamba mji atakaopelekwa utaangamia, naye akapelekwa Suessa Pometia, mji uliositawi wakati huo, na mji huo ukaja kuanguka. Lakini Pliny huyo huyo asimulia habari za Manius Curius, aliyezaliwa na meno vile vile, akapewa lakabu ya Dentatus, mwenye meno, na akawa miongoni mwa majemadari waliosifiwa sana katika Roma. Mwanamume akawa shujaa, mwanamke akawa balaa. Huko Ufaransa yasemwa kwamba Louis wa 14 alizaliwa mwaka 1638 akiwa na meno mawili, na watu wakaona ni ishara ya ukuu. Shakespeare naye, alipotaka kumchafua mfalme Richard wa 3, alimzalisha na meno jukwaani ili watazamaji wamchukie. Jino hilo hilo hapa ni baraka, pale ni laana. Kitu kinachotoa ushahidi wa pande zote mbili hakiwezi kuitwa shahidi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Roma. Turudi milimani Usambara, maana huko ndiko hoja yangu inakokaa. Kila mwanafunzi aliyesoma historia ya nchi hii amewahi kusikia jina la Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu na kuwa mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi. Habari zake zimo katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya awali vya historia vilivyoandikwa kwa Kiswahili na mwenyeji. Twafundisha jinsi alivyoua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, jinsi alivyogawa nyama kwa ukarimu, jinsi alivyomuua simba, na jinsi Wasambaa walivyomtaka awe mkuu wao. Jambo moja hulipita haraka, kana kwamba ni kijambo kidogo: Mbega alikuwa kigego. Alianza kuota meno ya juu.

Hilo si pambo la hadithi. Ndilo chanzo chake. Jamaa zake walimnyima urithi kwa hoja hiyo hiyo. Walisema kwamba yeye ndiye anayewamaliza ndugu zake, na kwamba mtu wa aina yake hakustahili kuachwa hai tangu utotoni, seuze kupewa mali. Ndipo akatoka kwao, na mbwa wake na silaha zake. Kama masimulizi haya yashika historia au yashika zaidi mafumbo ya utawala, wanahistoria na wajadili. Kwa hoja yangu yote mawili yatosha. Wazee wa Usambaa walioyahifadhi masimulizi hayo kwa vizazi vingi wangaliweza kuyafuta meno ya Mbega wakambakisha shujaa asiye na doa. Hawakufanya hivyo. Waliendelea kuusimulia ulimwengu kwamba mfalme wao wa kwanza ni mtu ambaye kwao alihesabiwa kuwa wa kuuawa.

Sasa namwuliza yule ashikaye methali ya mila: katika habari hii, utamaduni wetu ni upi? Ni ule wa jamaa wa Nguu waliokodolea macho fizi za mtoto wakahesabu maiti wa baadaye? Ama ni ule wa Wasambaa waliopokea mgeni, wakatazama kazi ya mikono yake, wakampa nchi? Wote wawili ni wenyeji, wote wawili ni wa kale, wala hakuna Mzungu hata mmoja katika kisa hiki. Mwenye kusema kwamba mila ni moja tu, na ni ile kali, anawadhulumu wahenga wetu zaidi ya mgeni aliyewaita washenzi. Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alimkuta Kimweri, mtu wa uzao wa Mbega, akitawala nchi kubwa iliyoshuka mpaka karibu na bahari. Kama sheria ya vigego ingalitekelezwa kikamilifu, Kimweri huyo asingezaliwa.

Wala Mbega hakuwa peke yake kuokoka. David Livingstone, alipokuwa nchini kwa Kazembe kati ya 1867 na 1868, aliandika katika daftari zake kwamba mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliuawa, na kwamba imani hiyo imeenea mbali. Lakini hapo hapo alikumbuka kwamba miaka michache nyuma, kwa Wakololo, mke mmoja wa mtawala Sekeletu alikataa katakata mtoto wa mtumishi wake asiuawe kwa sababu hiyo. Jina la mwanamke huyo hakuliandika. Yeye hakusoma shule yoyote wala hakuhubiriwa juu ya jeni. Alimtazama mtoto, akakataa. Naye pia ni utamaduni wetu.

Livingstone ameongeza jambo jingine ambalo watetezi wa mila yafaa walisome polepole. Huko kwa Kazembe mtoto mwenye dalili hizo aliitwa mtoto wa Mwarabu, kwa kuwa Waarabu hawakuwa na miiko ya namna hiyo. Na kama Mwarabu alikuwa karibu, alipewa mtoto huyo achukue. Waarabu waliofika huko wakati ule walikuwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Kila ajuaye biashara hiyo aweza kukisia mtoto aliyetolewa bure na wazazi wake aliishia wapi. Mwacha mila ni mtumwa, twaambiwa. Hapa mila yenyewe ndiyo iliyomfanya mtoto mtumwa.

Mtu atasema: hayo yamepita, siku hizi hakuna anayeua kigego. Ni kweli kwamba desturi hiyo imefifia. Lakini imani haikufa. Imehamia kwenye jino jingine. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini mwetu habari ya meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, anakataa kunyonya. Bibi au jirani anamfunua kinywa, anaona fizi zimetuna mahali pa chonge, na anatangaza kwamba ndani mna meno mabaya yatakayomwua. Anaitwa fundi. Fundi anakata ufizi kwa kisu, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, na anachokonoa kitu cheupe, laini, kama plastiki. Wazazi wanaonyeshwa, wanaamini, wanalipa.

Kitu hicho ni nini? Ni kichipukizi cha chonge cha utoto, kilichokuwa bado hakijakomaa kuwa jino gumu. Chonge hutokeza katika umri wa miezi 16 hadi 22 hivi, lakini uvimbe wake huonekana mapema, kwa kila mtoto aliye mzima. Ni laini kwa kuwa ni changa, kama vile suke la mahindi lilivyo laini kabla ya wakati wake. Fundi akikata ufizi wa mtoto yeyote duniani wa umri huo atakipata. Ndiyo sababu hatahayariki kamwe mbele ya mteja.

Na ugonjwa ulitoka wapi? Umri ule ambao fizi huanza kutuna ndio umri ambao kinga aliyopewa mtoto na mama yake tumboni hupungua, anapoonjeshwa uji na maji, na anapookota kila kilicho chini akitie kinywani. Anaharisha kwa vijidudu. Mambo mawili yametukia wakati mmoja, na mtu akayafunga kamba moja. Kosa hili wamelifanya hata wenye vyeti. Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa katika karne ya 16, alipendekeza kuchanja fizi za watoto wanaoota meno, na madaktari wa Ulaya wakaendelea kufanya hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Huko London katika karne ya 19 kuota meno kulikuwa kunaandikwa rasmi kuwa sababu ya kifo. Wao waliacha walipokubali kupimwa kwa ushahidi. Sisi je, tunangoja nini?

Matokeo ya kisu hicho yanajulikana. Mtoto ambaye tayari amekaukiwa maji mwilini huvuja damu. Hupata pepopunda au uchafu wa damu. Chombo kinachotoka kinywa hadi kinywa huweza kupeleka virusi vya UKIMWI. Na wengine hufa, kisha husemwa kwamba meno yalichelewa kutolewa. Anayepona hubaki na alama. Chonge cha kudumu kinaanza kujengeka katika miezi hiyo hiyo, mahali pale pale, na ncha ya kisu haijui kutofautisha jino la utoto na la ukubwani. Mtoto afikapo miaka 10 au 12, chonge hakitoki, au hutoka kimepinda na kumomonyoka, na meno jirani husogea kujaza nafasi. Mganga wa meno asiyeuliza historia aweza kuandika kwamba jino halikuumbika. Liliumbika. Liliuawa.

Fundi huyo hujiita mganga wa jadi. Mimi nakataa kumpa heshima hiyo. Jadi gani iliyojua nailoni na plastiki? Mganga wa jadi wa kweli alijua mizizi ya kutuliza tumbo na majani ya kukausha jeraha, na maarifa yake yanastahili kuchunguzwa na kuandikwa. Huyu amechukua hofu ya zamani juu ya meno, akaivika vazi jipya, na kuiuza.

Mwalimu Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliipa kazi ya kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote na kuyafanya kuwa mali ya taifa. Yaliyo bora, hakusema yote. Na aliyesema hayo alikuwa na meno yaliyochongwa kwa desturi ya Wazanaki, ambayo hakuona haya kuyaonyesha kila alipocheka. Mtu aliyebeba mila ya kabila lake kinywani mwake ndiye aliyetwambia tushike ungo tupepete.

Tena utamaduni wetu unayo hazina ya namna nyingine ya kuangalia kinywa cha mtu, kama tukiitaka. Waswahili wameusifu mwanya tangu zamani. Washairi wamewafananisha nao wapenzi wao, na binti aliyejaaliwa huo hujua kwamba amejaaliwa. Mwanya ni nini? Ni nafasi kati ya meno mawili ya mbele, ambayo katika vitabu vya waganga wa meno huhesabiwa miongoni mwa hitilafu za mpangilio, na ambayo mara nyingine husababishwa na jino la ziada lililojificha ndani ya ufizi au na upungufu wa meno ya pembeni. Wenzetu wengine hulipa fedha nyingi ili uzibwe. Sisi tumeutungia mashairi. Jamii iliyoweza kuona uzuri katika nafasi iliyoachwa na jino haina udhuru wa kuona kifo katika jino lililowahi.

Kwa hiyo nasema na walimu. Neno kigego lisifutwe katika kamusi wala lisirukwe darasani. Lifundishwe pamoja na waliouawa kwa ajili yake. Mwalimu wa Historia anapomfikia Mbega asiharakie simba. Akae kidogo kwenye meno, amwite mwenziwe wa Biolojia aje achore taya ubaoni. Wanafunzi wa sekondari si watoto wa kufichwa mambo: wengi wao nyumbani wana wadogo wa miezi 5 au 6, na baada ya miaka michache watakuwa wazazi wenyewe. Wajue kwamba anayeharisha hupewa maji ya chumvi na sukari, kijiko cha chai nusu cha chumvi na vijiko 6 vya sukari katika lita moja ya maji safi, huku akiendelea kunyonyeshwa, na kwamba anapelekwa zahanati, hapelekwi kwa fundi. Na yule mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye pengo mahali pa chonge, ambaye huziba mdomo kwa kiganja kila anapojibu swali, asiulizwe mbele ya wenziwe. Aitwe pembeni, na wazazi wake waombwe wampeleke hospitali ya wilaya yenye mganga wa meno, apigwe picha ya eksirei. Maana yawezekana jino lake bado limo ndani ya taya, limelala upande, na laweza kuvutwa likashuka mahali pake.